Habari za Pande Mbili za Pazia

Tulimzika Maalim Shee Jumanne, siku ya baridi ya kukata masikio, na kabla udongo haujakaa sawa watu walikwisha kuanza kumsingizia. Nilikuwa nimekaa matangani nyumbani kwa binti yake, sahani ya pilau mapajani, nikamsikia mama mmoja akiwaambia wenzake kwamba marehemu alikuwa mfasiri asiyetia neno wala kutoa neno, kwamba Kiarabu kiliingia sikioni mwake kikatoka mdomoni vile vile kilivyoingia. Nilitafuna pilau yangu nikanyamaza, maana msibani hapabishaniwi. Lakini nilimpenda mno yule mzee kuacha azikwe na sifa asiyokuwa nayo, hali sifa aliyokuwa nayo ni kubwa zaidi na hakuna anayeitaja. Mimi ni mfasiri wa mahakama hapa Toronto, kazi niliyoifanya hadi nywele zimeota mvi, na chanzo chake ni mwaka mmoja tu, miaka ya tisini ilipokwisha kuvuka katikati, nilipogombana na Maalim Shee mbele ya watu. Watu wa umri wangu hupenda kusimulia walivyoonewa ujanani. Mimi nitasimulia nilivyoshinda, na wa kununa na anune.

Ukumbi wetu ulikuwa juu ya duka la makochi, barabara ya Parliament, mwendo wa dakika chache kutoka majumba ya Regent Park ambako nilikuwa nikikaa na mama mdogo. Ulipandwa kwa ngazi nyembamba iliyonuka vanishi kutoka dukani, na ukifika juu harufu ya vanishi inapokezana na ya tangawizi na ya soksi zilizoloa theluji. Katikati lilining'inia pazia, mashuka mawili ya maua ya zambarau yaliyoshonwa pamoja. Upande wa mbele, wanaume na televisheni. Upande wa nyuma, sisi wanawake na jiko la umeme, sufuria ya wali wa nazi, mbaazi, na birika la chai lisilopoa. Juu ya paa kulikuwa na dishi kubwa la satelaiti lililonunuliwa kwa mchango, na kila Jumapili baada ya adhuhuri, wakati kule Uarabuni usiku umeingia, tulikusanyika kutazama habari. Nasema kutazama, lakini kwa wanawake ilikuwa kusikiliza tu. Mwaka mzima nilimjua msomaji wa habari kwa sauti, na nilipokuja kumwona nilishangaa kwamba ni kijana mwenye masikio makubwa.

Idhaa ilikuwa ya Kiarabu na watu wetu, wa Mombasa, wa Lamu, wa Unguja, wengi wao Kiarabu walikijua cha kusalia tu, si cha kuelewa. Basi Maalim Shee alisimama kando ya televisheni ameshika rimoti. Kila habari ikiisha alipunguza sauti, akakohoa kidogo, akatafsiri. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzuri kupita kiasi, sauti iliyokufanya uamini kabla hujajua unaamini nini. Na kulikuwa na kosa moja ambalo nadhani ni letu peke yetu. Kwa kuwa lugha ile tuliizoea msikitini, masikio yetu yaliipokea kwa heshima popote iliposikika. Bi Rukia, mke wa mwenyekiti wetu Bwana Athmani, alijitanda vizuri mtandio kila msomaji wa habari alipoanza, kana kwamba anamwona. Ukifika utabiri wa hali ya hewa, msomaji akitaja mvua huko Damasko, bibi wawili waliokaa karibu na jiko waliitikia amina.

Wakati huo huo hakuna aliyeiamini idhaa yenyewe. Nikipakua wali nilikuwa nikiwasikia wanaume ng'ambo ya pazia. "Hawa wanapendelea," alikuwa akisema Bwana Athmani, mtu mnene aliyependa kuhitimisha mambo. "Serikali inayowalipa haijakosea hata siku moja. Serikali za wenzao zinakosea kila siku saa mbili usiku." Mwingine angedakia kwamba ni afadhali hao kuliko televisheni za hapa Kanada, ambazo zikituonyesha sisi ni lazima tuwe tunalia au tunachoma kitu. Nilicheka, na nilikubaliana nao kwa yote mawili. Kilichonichukua muda kukiona ni kwamba kati ya idhaa na sisi alisimama mtu, na mtu huyo hakuna aliyemshuku.

Mimi Kiarabu nilikipata Maskati, nilikosomea sekondari, Kiarabu cha darasani na cha sokoni pia. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mdomo mrefu na subira fupi. Jumapili moja ya vuli msomaji alisema kwamba watu wameandamana mbele ya kasri ya mfalme fulani wakidai mishahara yao, na polisi wamewatawanya kwa marungu. Maalim alikohoa, akasema: "Watu wengi wamekusanyika kwenda kumsalimia mfalme, na askari wakawasaidia kurudi makwao." Nilicheka, chai ikanipalia. Bi Rukia akanigeukia. "Wacheka nini weye?" Nikamwambia kwa sauti ya chini alichosema msomaji hasa. Akasogeza mkeka wake karibu yangu, akasema, "Keti hapa katikati. Sema polepole, wote tusikie."

Hivyo ndivyo ukumbi mmoja ulivyopata habari mbili. Mbele Maalim alitafsiri kwa sauti yake ya kupendeza, nyuma nami nikanong'ona. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyegundua, kwa kuwa wanaume na wanawake walirudi nyumbani na kuzungumza juu ya bei ya vitu na barua za uhamiaji. Nilijiona bingwa. Kila Jumapili wanawake waliniwekea ukoko wa wali, sehemu tamu kuliko zote, na mimi niliula nikijiambia kwamba nasema kweli tupu.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya kipindi cha mjadala. Kilifuata habari, kila juma wageni wawili wakikaribishwa ili wagombane. Jumapili hiyo mmoja alikuwa daktari wa falsafa, mwingine sheikh mzee. Yule daktari aliikosoa dini kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwa lugha ile. Alisema: "Tumemfanya Mungu askari wa mfalme. Mwananchi akiuliza barabara iko wapi, anaambiwa ni kudura. Akiuliza kwa nini amefungwa, anaambiwa asimkufuru Mola wake. Dini mliyotulea nayo inaogopa maswali, na kinachoogopa maswali mimi sikisujudii." Sikuwa nimeacha kusali, wala sijaacha hadi leo, lakini kulikuwa na maswali niliyokuwa nikiyameza tangu utoto, na hapa mtu mzima mwenye elimu alikuwa akiyasema mchana kweupe. Niliwatafsiria wanawake kila neno lake, kwa furaha, pengine nikalipamba hapa na pale. Ng'ambo ya pazia Maalim naye akakohoa, akasema: "Huyu bwana anasema zamani alikuwa amepotea, na sasa ametubu."

Jioni ile, kwenye nyumba kadhaa za Regent Park, mume na mke walikaa mezani na ugomvi ukaanza. Bwana Athmani alimwambia mkewe jinsi alivyofurahi kusikia mlahidi yule ametubu. Bi Rukia akamjibu kwamba hakutubu, ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Bwana akasema yeye aliiona televisheni kwa macho yake, mwenzake aliona shuka. Kufika Jumatano simu zilikuwa hazikatiki. Mwanzo watu waliilaumu idhaa. Kuna mzee aliyeshikilia kwamba Waarabu wamebuni namna ya kupeleka sauti moja kwa wanaume na nyingine kwa wanawake, ili watufitini. Ijumaa jina langu likatajwa. Ikawa si idhaa tena inayopotosha, ni msichana wa Maskati, anayekaa nyuma ya pazia akiwalisha wake za watu kufuru pamoja na mbaazi.

Bwana Athmani alimpigia simu mama mdogo. Nilisimama jikoni nikasikia upande mmoja wa mazungumzo, ndiyo, ndiyo, nimekuelewa, na nikaona mkono wake ukichezea waya wa simu. Kamati ingekutana Jumapili. Ikithibitika kwamba nimezua, sitafasiri tena pale, wanawake watasikiliza ya Maalim basi, na itatangazwa kwa wote kwamba neno langu si la kuchukuliwa. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Sikuwa na mali, sikuwa na cheo, nilikuwa nikiosha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nilichokuwa nacho ni kwamba nikisema jambo, nimelisema. Mama mdogo alikata simu, akaniuliza jambo moja tu: "Umezua?" Nikasema hapana. Akarudi kwenye kitunguu chake.

Ushauri niliupata kazini, kwa Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu niliyekunja naye mashuka kila asubuhi. Alikuwa Mkristo wa kuimba, mwenye mikono mikubwa na cheko la chini. Nilipomaliza kumweleza hakushangaa hata kidogo. "Dada, kwetu mu kanisa iko vile vile," aliniambia. "Pasta wa kutoka mbali anasemaka Kifaransa dakika kumi, mufasiri anamaliza na mbili. Siku moja nikasimama nikauliza, zile munane zilienda wapi? Banakuwa na kaseti ya ibada. Tukaifungua mbele ya bote." Nikamuuliza ikawaje. "Mufasiri alilia," alisema Mama Furaha. "Lakini sasa anafasiri muzuri sana." Nikakumbuka kwamba na sisi tulikuwa na kaseti. Ukumbi ulirekodi kila kipindi kwa ajili ya waliokuwa na zamu za Jumapili, na kabati lake lilifungwa kwa ufunguo wa Maalim Shee.

Jumapili nilimkuta kwenye ngazi, anakung'uta theluji viatuni. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole ulionitia hasira. "Mwanangu," alisema, "wewe wadhani mimi sikuelewa alichosema yule bwana?" Nikamwambia najua alielewa. "Watu hawa wamepoteza nyumba. Wengine wamepoteza nchi. Imani ndiyo iliyobaki. Sasa nisimame mimi, kwa ulimi wangu huu, niwabomolee?" Akaugusa mdomo wake kwa kidole. "Na maneno yale yakipita hapa, mimi nitasema nini mbele ya Mungu?" Niliona kwamba haogopi aibu hata kidogo. Alikuwa akiiogopa dhambi, kwa dhati. Nikapanda ngazi nikiwa sina tena ile hasira niliyoitegemea, na hilo lilinitia hofu zaidi.

Sijawahi kuuona ukumbi umejaa vile. Pazia lilivutwa hadi nusu, nikaambiwa nisimame pale kwenye ukingo wake, nionekane na pande zote. Bwana Athmani alinisomea mashtaka kwa kirefu: kwamba nimetangaza maneno ya kuikejeli dini ndani ya ukumbi wa Waislamu. Hakusema kwamba nimezua, nikaona mwanya. "Bwana mwenyekiti," nikasema, "kuna wafalme wa zamani waliojiita miungu. Maneno yao yamo ndani ya Kitabu, tunayasoma katika sala, neno kwa neno, na Maalim huyasoma vizuri kuliko sote. Je, akiyasoma amekufuru?" Nilimwona Maalim akiinua uso. "Basi hoja si kama maneno yale ni mabaya," nikasema. "Hoja ni kama yalisemwa. Naomba kaseti iwekwe. Nitafasiri sentensi baada ya sentensi, na Maalim aseme mbele yenu, ndivyo au sivyo. Hukumu yake naikubali."

Sasa nikifikiria, lilikuwa jambo la kichaa. Mle ndani hakukuwa na mtu mwingine aliyeelewa Kiarabu, ila huyo huyo niliyetaka kuonyesha kwamba amedanganya. Angesema sivyo mara moja tu, ningekuwa nimekwisha. Maalim alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati, akaleta kaseti mwenyewe. Yule daktari akatokea kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza nikamwona, mtu mfupi mwenye jasho. Nilifasiri ile ya Mungu na askari wa mfalme. Sauti ya friji ilisikika kutoka upande wa wanawake. Maalim Shee alitazama zulia, kisha akasema, si kwa sauti yake nzuri bali kwa sauti ya kawaida ya mzee aliyechoka: "Ndivyo alivyosema." Nikafasiri ya kudura. "Ndivyo." Nikafasiri ya kusujudu. Hapo alikohoa kidogo. "Ndivyo. Hakutubu. Toba niliitia mimi, kwa kuwa niliitamani." Nyuma ya pazia Bi Rukia alisema, kwa utulivu kabisa, "Athmani, umesikia?"

Ningeweza kuishia hapo na kula ukoko wangu. Lakini kaseti ilikuwa ikiendelea, na zamu ikawa ya sheikh. Alimsikiliza daktari hadi mwisho, ndipo akasema: "Mwanangu, unasema tunawabariki wafalme. Mimi nilikaa jela miezi kumi na minne kwa kukataa kumwombea mfalme katika hotuba ya Ijumaa. Maswali yako waliyauliza babu zetu wakiwa wamekaa msikitini. Yaulize, ila usituachie sisi msikiti tukiwa peke yetu na waoga." Maneno hayo niliyajua. Niliyasikia mara ya kwanza, na niliyaruka. Sikuyasahau kwa bahati mbaya. Yalikuwa yakiniharibia ushindi wa daktari wangu, basi niliwaambia wanawake kwamba sheikh amelalamika kidogo, nikaendelea. Bwana Athmani alikuwa akiningoja. Ningeweza kuyakata tena, maana Maalim hangenishtaki, nilivyomwona. Niliyafasiri yote, hadi neno la mwisho. "Ndivyo," alisema Maalim.

"Hilo hukutwambia," ilisema sauti ya Bi Rukia.

"Sikuwaambia," nikasema. "Nililiruka makusudi. Sikulipenda, kwa sababu lilikuwa zuri na lilisemwa na nisiyemtaka."

"Kwa hiyo yule sheikh niliyemtukana juma zima alifungwa jela?"

"Alifungwa, Bi Rukia."

Kikaja kicheko, na kilitoka kwa Maalim Shee. Alicheka hadi akafuta macho kwa kilemba. Akasema kwamba tumewalaumu Waarabu mwaka mzima kwa kupendelea, kumbe wapendeleaji walikuwa wawili tu, na wote tunawalisha wali. Ukumbi mzima ukacheka naye, pande zote, hata kamati. Nilisimama pale nikicheka na kulia, na nilijua kwamba nimeshinda. Sikushinda kwa kuwa Maalim alikiri. Nilishinda kwa kuwa nilikiri mimi bila kusukumwa, na baada ya hapo nikisema jambo, nani angethubutu kulitilia shaka?

Utaratibu mpya aliutunga Maalim mwenyewe, akaupendekeza kabla chai haijapoa. Tufasiri wawili, tena kwa sauti, ukingoni mwa pazia. Katika habari tupokezane, anayesikiliza amkosoe mwenzake papo hapo. Katika mjadala kila mmoja amfasiri mgeni asiyempenda. Mimi nipewe mashekhe, yeye achukue wakosoaji. Bwana Athmani alisema haitawezekana. Bi Rukia alisema kura za upande wa nyuma zote zimekubali, na ndiyo siku niliyojua kwamba upande wa nyuma una kura.

Juma la kwanza na la pili wageni walizungumzia mafuta na mipaka. Majira ya kuchipua yalipoingia, theluji ikiwa imebaki madoa kwenye vivuli vya majengo, yule daktari alirudishwa kwenye kipindi. Habari zilienea kabla hajafungua mdomo, watu wakajaa hadi kwenye ngazi. Maalim Shee alisimama wima, rimoti mkononi. Sentensi ya kwanza aliitoa kwa taabu, akikwama kila baada ya maneno mawili. Kwenye ya pili nilimwona akivuta pumzi, na ndipo sauti yake ikarudi, ile sauti nzuri aliyokuwa akiitumia kwa mambo matakatifu peke yake, akampa yule bwana. Hakusema "anasema hivi." Alisema "mimi nasema," kama mfasiri anavyopaswa kusema. "Mimi nauliza. Nimeuliza kwa adabu miaka thelathini, nikajibiwa kwa fimbo. Kama Mungu ni mkubwa hivyo mnavyosema, mbona mnamlinda dhidi ya mtu mmoja mwenye kalamu?" Sikuwa nimewahi kusikia tafsiri iliyo sawa kiasi kile. Nilifuatilia neno kwa neno nikitafuta pa kumkosoa, nikakosa.

Bwana Athmani alishindwa kuvumilia. Alisimama katikati ya ukumbi, kidole juu, uso umemwiva, akaanza kumjibu Maalim kwamba maneno hayo yeye hayakubali, na hawezi kukaa akisikia dini yake ikihojiwa.

Maalim Shee hakupandisha sauti. "Kaa kitako, Athmani," alisema. "Bado hajamaliza."

Na Bwana Athmani akakaa.